Florence Nightingale na Kazi ya Uuguzi

Muhula uliopita sisi wa kidato cha sita tuliandikishwa kila mmoja kazi anayoitaka. Wengi waliandika udaktari, uwakili au uinjinia. Mimi niliandika uuguzi, na tangu siku hiyo baadhi ya wenzangu huniita Sista. Baba naye, nilipomweleza wakati wa likizo, aliniuliza kama hiyo ndiyo kazi aliyoniuzia ng'ombe wawili. Basi nikatafuta habari za bibi aliyeipa kazi hii heshima, nami nazileta hapa, kwa maana naona wengi wetu twaijua taa yake tu.

Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake Waingereza walipokuwa safarini huko, nao wakampa jina la mji ule. Walikuwa watu wenye mali nyingi. Baba yake mwenyewe alimfundisha Kigiriki, Kilatini na historia, lakini binti alipenda hesabu kupita yote. Mwaka 1837, akiwa na miaka 16, aliamini kwamba Mungu amemwita katika utumishi. Mwaka 1845 aliomba ruhusa akajifunze kuuguza katika hospitali ya Salisbury. Nyumba nzima ikachafuka. Mama alikasirika, dada akaona aibu.

Tusiwalaumu upesi. Siku zile hospitali za Uingereza zilikuwa chafu, na wauguzi wengi hawakufundishwa, walilipwa kidogo, na walisifika kwa ulevi. Ni nani angempeleka binti yake huko? Florence alikataa kuolewa, akangoja. Ilipita miaka 6 ndipo akapata kukaa miezi mitatu Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851, akijifunza kwa mashemasi wa kike wa Kiprotestanti. Mwaka 1853 akawa msimamizi wa hospitali ndogo ya mabibi huko London, na baba yake, aliyekwisha kulegea, akamgawia pauni 500 kwa mwaka.

Mwaka 1854 Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilikuwa zikipigana na Urusi katika Krimea. Serikali ikamtuma na wanawake 38 kwenye hospitali ya askari ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul, nao wakafika tarehe 4 Novemba. Walikuta kambi kuu ya askari iliyogeuzwa hospitali, wagonjwa wamelala hata katika njia za ndani, na mashuka na bandeji hakuna. Alinunua vitu, akapanga jiko na dobi, na usiku akazunguka na taa. Habari hii kila mtu anaijua.

Lakini wakati wote wa baridi ile vifo viliongezeka. Mwezi Februari 1855 walikuwa wakifa kama wagonjwa 42 katika kila 100. Chini ya jengo mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba, na hewa yake ilipanda hadi vitandani. Mwezi Machi walikuja wakaguzi wa afya kutoka Uingereza, wakaizibua mifereji, wakaondoa taka, wakatengeneza maji. Kufikia Juni wakawa wanakufa 2 tu katika kila 100.

Yeye mwenyewe alidhani kwamba askari waliuawa na njaa, baridi na uchovu. Alipokwisha kurudi kwao mwaka 1856 alikaa na William Farr, bingwa wa hesabu za vifo, wakahesabu yote upya, na hesabu zikamwonyesha kwamba uchafu wa hospitali ndiyo uliowaua wengi, mbele ya macho yake. Fikiri mtu anayeshangiliwa na taifa zima apate kujua hivyo! Angeweza kunyamaza. Yeye akazichapa hesabu zile pamoja na michoro ya duara yenye rangi, hata waziri asiyependa namba aelewe. Kwangu mimi jambo hili ni kubwa kuliko taa.

Watu walikuwa wamemchangia kiasi cha pauni 45,000. Kwa fedha hizo alifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860. Mwanafunzi alisoma mwaka mmoja, akipewa chakula, malazi, sare na pauni 10. Toka hapo kazi ikatoa matawi. Huko Liverpool tajiri William Rathbone alishauriana naye, mji ukagawanywa katika mitaa 18, kila mtaa na muuguzi wa kuwatembelea maskini majumbani mwao. Mwaka 1865 Agnes Jones alikwenda na wauguzi 12 katika hospitali ya nyumba ya maskini ya mji huohuo. Alikufa kwa homa mwaka 1868. Shule ya wakunga ilifunguliwa pia, lakini homa ya uzazi ikaingia wodini, nayo ikafungwa mwaka 1867.

Kwetu Uganda kazi hii ilifika na Katharine Timpson, muuguzi aliyefunzwa London, aliyeingia Mengo Februari 1897 katika msafara mmoja na Daktari Albert Cook. Yeye ndiye aliyekuja kuwafundisha wakunga wetu wa kwanza pale.

Sifichi neno moja: shule ya Bibi Nightingale haikuchukua wanaume, kwani aliona uuguzi ni kazi ya wanawake. Hata sheria ya Uingereza ya mwaka 1919 iliwaandika wauguzi wanaume katika daftari la peke yao, mpaka mwaka 1949. Hapo nadhani alikosea, na mtu yeyote aliyewahi kumwinua babu yake kitandani atakubali. Nilimwandikia baba hayo yote. Bado hajajibu.

Tangu mwaka 1857 Bibi huyu alikuwa mgonjwa, na kazi nyingi alizifanya kitandani, kwa barua na vitabu. Mwaka 1907 Mfalme alimpa nishani ya Order of Merit, mwanamke wa kwanza kuipata. Macho yake yalikuwa yamekwisha kupofuka. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, umri wake miaka 90. Walitaka kumzika Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa nchi, lakini jamaa zake wakafuata wosia wake, akazikwa kijijini East Wellow. Juu ya jiwe ziliandikwa herufi mbili za jina lake na tarehe zake, basi.