Mwalimu Nyerere na Jembe la Darasani

Mwaka huu nimeonelea niwasimulie maisha ya mtu ambaye sikuwahi kumwona, kwani alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, miaka mingi kabla sijazaliwa. Si mwingine ila Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania. Wengi mnamjua kwa siasa. Mimi nataka mmjue kama mwalimu.

Alizaliwa Aprili 1922 kijijini Butiama, karibu na Ziwa Viktoria. Baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Utotoni alichunga mifugo, na hakuingia darasani hadi alipofika miaka 12 hivi, alipopelekwa Musoma. Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Alisoma Tabora, kisha akasomea ualimu Makerere kuanzia 1943 hadi 1945. Aliporudi Tabora alifundisha bayolojia. Mwaka wa 1949 akaenda Edinburgh, Uskoti, akarejea 1952 na shahada yake. Alikuwa akifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, alipolazimika kuchagua kati ya chaki na siasa. Mwaka wa 1955 aliiacha kazi ya ualimu, lakini jina la Mwalimu halikumwacha.

Sasa hapa ndipo penye uhondo. Machi 1967, akiwa rais, alitoa maandishi yaitwayo Elimu ya Kujitegemea. Aliona kuwa watoto wengi wa shule za msingi hawangepata nafasi ya sekondari, ilhali walifundishwa kana kwamba wote wangeenda huko. Walitoka shuleni wakilidharau jembe pamoja na wazee wao wasiosoma. Akapendekeza kila shule iwe na shamba au karakana. Jamani, msidhani alitaka vibarua! Shamba lilikuwa liwe darasa. Mtoto asome habari za mbolea, kisha aitie shambani aone inavyofanya kazi. Hiyo ni sayansi. Ajifunze kuzuia mmomonyoko kwa kuchimba matuta mwenyewe. Hiyo ni jiografia. Mapato na matumizi yaandikwe. Hiyo ni hesabu. Na wanafunzi washirikishwe kuamua faida itumiwe vipi. Huo ni uraia. Mambo yakiharibika, wakae wajiulize kwa nini.

Hata hivyo, kusema na kutenda ni mambo mawili. Katika shule nyingi watoto walilima tu bila kuelezwa lolote, na somo likabaki kibarua.

Nalijua jambo hilo. Nilipokuwa shule ya msingi, aliyechelewa alipewa jembe kama adhabu. Nililichukia jembe kabisa! Nilibadilika kwa sababu ya ndugu yangu mdogo. Yeye alishindwa na hesabu za kutoa, watoto wenzake wakamwita mjinga, akaanza kulia kila asubuhi, ati haendi shule. Jumamosi moja tulikuwa naye soko la Gakoromone, mama anakouza maharagwe. Nikamwacha apime kwa gorogoro na kurudisha chenji. Siku ya kwanza alikosea mara mbili. Kufikia wiki ya nne, wateja walikuwa wanamwita mhasibu. Nyumbani nikamwonyesha hesabu zilezile kitabuni, akacheka. Kumbe hakuwa mjinga. Alikosa kitu cha kushika.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Walimu wetu wapenzi, jembe lisiwe tena fimbo. Nanyi wanachama wa Chama cha Kiswahili, tuombe kipande kidogo nyuma ya bwalo, tupande sukuma wiki, tupime, tuuze, na kila wiki tuandike ripoti kwa Kiswahili sanifu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami nitakuwa wa kwanza kuinama.

Kwaherini hadi mwaka ujao, Mungu akipenda.