Ferruccio Lamborghini: Mkulima aliyeitia injini lijamu

JINA Lamborghini linapotajwa, wengi hufikiria magari ya kifahari yaliyo karibu kugusa lami, yenye mngurumo wa kutisha na bei isiyoshikika. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwenye jina hilo alitoka shambani na akatajirika kwa kuuza matrekta. Isitoshe, uamuzi wake mkubwa kuhusu injini iliyompa sifa ulikuwa ni kuipunguza nguvu.

Ferruccio Lamborghini alizaliwa Aprili 28, 1916, katika kijiji cha Renazzo karibu na mji wa Cento, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake, Antonio na Evelina, walikuwa wakulima wa mizabibu. Kijana huyo alivutiwa na mashine za shambani kuliko kilimo chenyewe, na baadaye akasomea ufundi wa mitambo karibu na Bologna.

Mnamo 1940 aliandikishwa katika jeshi la angani la Italia na kupelekwa kisiwani Rhodes, kilichokuwa wakati huo chini ya utawala wa Italia. Huko alisimamia ukarabati wa magari ya jeshi. Vita vilipomalizika 1945 alishikwa mateka na Waingereza, na hakurejea nyumbani hadi mwaka uliofuata.

Furaha ya kurudi haikudumu. Mwaka wa 1947 mkewe, Clelia Monti, alifariki alipokuwa akijifungua mtoto wao wa kwanza, Tonino. Ferruccio, akiwa na umri wa miaka 31, aliachwa na mtoto mchanga na gereji ndogo katika mji wa Pieve di Cento.

Italia ya baada ya vita ilikuwa na njaa ya matrekta, ilhali kila mahali palikuwa na mabaki ya magari ya kijeshi. Ferruccio aliyanunua, akayavunja na kuunda matrekta kutokana na vipande hivyo. Aidha, alibuni kifaa kilichowezesha injini kuwashwa kwa petroli, kisha kuendelea na kazi kwa dizeli iliyokuwa na bei nafuu. Wakulima waliona faida yake mara moja.

Mwaka wa 1948 alishiriki mashindano ya magari ya Mille Miglia akiendesha Fiat ndogo aliyoifanyia marekebisho mwenyewe. Baada ya takriban kilomita 1,100, gari lilimshinda na likagonga mkahawa. Hakuyapenda tena mashindano, na msimamo huo ulikuja kuathiri kila gari lililobeba jina lake.

Kufikia mapema miaka ya 1960 alikuwa bwanyenye, mwenye kiwanda cha matrekta na kingine cha vichomeo vya mitambo ya kupasha joto. Miongoni mwa magari yake yalikuwamo ya Ferrari, ambayo klachi zake zilimsumbua mara kwa mara. Inasimuliwa kwamba alimwendea Enzo Ferrari kulalamika, naye akamjibu kwa dharau kwamba mtu wa matrekta hana la kumfunza kuhusu magari. Masimulizi ya kisa hicho hutofautiana, lakini matokeo yake yanajulikana. Mwaka wa 1963 Ferruccio alianzisha kampuni ya magari katika mji wa Sant'Agata Bolognese, si mbali na kiwanda cha Ferrari.

Kazi ya kubuni injini alimpa Giotto Bizzarrini, mhandisi aliyekuwa ameondoka Ferrari mwaka wa 1961. Inasemekana malipo yake yalipangwa kuongezeka kwa kila nguvu ya farasi itakayozidi injini ya Ferrari. Bizzarrini alileta injini ya lita 3.5 yenye silinda 12 zilizopangwa safu mbili mfano wa herufi V.

Injini hiyo ilivuta hewa yenyewe, bila tabochaja ya kuisukumia. Pistoni inaposhuka, hewa huingia na kujaza nafasi iliyoachwa. Injini ya namna hiyo ikitakiwa kutoa nguvu nyingi, hupewa silinda kubwa zaidi, njia pana za kupitishia hewa, au mizunguko mingi zaidi kwa dakika. Bizzarrini alitegemea mizunguko. Kwa kuwa pistoni zilikuwa 12, kila moja ilikuwa ndogo na nyepesi, na injini ilitoa nguvu za farasi zipatazo 360 ikizunguka mara 8,000 kwa dakika.

Mhandisi mwingine angeshangilia. Ferruccio aliikataa ilivyokuwa. Hiyo ilikuwa injini ya mashindano, naye alitaka gari la kusafiria umbali mrefu bila kwenda gereji kila mara. Alimwagiza kijana Gian Paolo Dallara, akisaidiwa na Paolo Stanzani, aipunguze makali. Kabureta zikabadilishwa, mfumo wa oili ukarahisishwa na nguvu zikashuka hadi takriban 280. Bizzarrini na Ferruccio wakaachana.

Gari la kwanza lilipoonyeshwa Turin mwishoni mwa 1963, injini haikuwa imetoshea ndani, na boneti ikabaki imefungwa. Hata hivyo, mwaka uliofuata gari la 350 GT lilianza kuuzwa. Mnamo 1966 likafuata Miura, ambapo injini hiyo, sasa ya lita 4, ilipachikwa kwa upana nyuma ya dereva. Gari hilo liliushangaza ulimwengu na kuwa kielelezo kwa waundaji wengi waliofuata.

Mambo yaliharibika mapema miaka ya 1970. Oda kubwa ya matrekta kutoka Bolivia ilifutwa, na biashara hiyo ikauzwa kwa kampuni ya SAME. Mwaka wa 1972 aliuza asilimia 51 ya kampuni ya magari, na mnamo 1974 akauza sehemu iliyosalia. Alihamia kando ya ziwa Trasimeno katikati mwa Italia, akapanda mizabibu na kutengeneza mvinyo. Mwana wa mkulima alikuwa amerudi shambani.

Ferruccio Lamborghini alifariki Februari 20, 1993, mjini Perugia, akiwa na umri wa miaka 76. 

Injini haikufa naye. Kampuni ilifilisika, ikapita mikononi mwa wamiliki kadhaa na hatimaye ikanunuliwa na Audi mwaka wa 1998. Wakati huo wote, mabadiliko ya ile kazi ya 1963 yaliendelea kuendesha Countach, Diablo na Murciélago, hadi uzalishaji wa Murciélago ulipokoma 2010. Kufikia hapo ilikuwa imekua hadi lita 6.5 na nguvu za farasi 670, bado ikivuta hewa yenyewe.

Chuma kilichobuniwa kuhimili mashindano kilikuwa kimepewa kazi nyepesi kuliko uwezo wake. Akiba hiyo ndiyo wahandisi waliofuata waliyoitumia kwa miaka 47, nayo ilitokana na mwuza matrekta aliyejua kwamba mashine inayoharibika haimfai mwenye shamba.