Yohane Paulo wa Pili: Mpanda milima aliyejifunza kutembea upya

Mwezi Februari mwaka 1993, umati wa watu ulikusanyika katika uwanja wa Nyakasanga mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, kumlaki Papa Yohane Paulo wa Pili. Mgeni huyo alikuwa na umri wa miaka 72. Nyuma ya mji ilisimama milima ya Rwenzori, ambako mto Mubuku huanzia kwenye theluji kabla ya kushuka hadi mashamba ya tambarare. Hakuna aliyefahamu siku ile kwamba, kabla miaka miwili haijapita, kiongozi huyo angeanguka na kulazimika kujifunza upya namna ya kuketi, kusimama na kutembea.

Alizaliwa tarehe 18 Mei 1920 katika mji mdogo wa Wadowice nchini Poland, akapewa jina la Karol Wojtyła. Mama yake alifariki dunia mwaka 1929. Miaka mitatu baadaye alimpoteza kaka yake Edmund, daktari aliyeambukizwa maradhi na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Baba yake naye alifariki mwaka 1941, nchi ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani. Kijana huyo alibaki peke yake, akifanya kazi ya sulubu katika machimbo ya mawe na kisha katika kiwanda cha kemikali. Mwezi Februari mwaka 1944 aligongwa na lori la kijeshi alipokuwa akirejea kutoka kazini, akalazwa hospitalini.

Mwili wake ulipona, na kwa miongo kadhaa ulimtii. Alipata upadri mwaka 1946 na uaskofu mwaka 1958, lakini hakuacha kupanda milima ya Tatra, kupiga kasia mitoni na kuteleza juu ya theluji. Hata baada ya kuchaguliwa kuwa Papa tarehe 16 Oktoba 1978, alitoroka shughuli za Vatican mara kwa mara kwenda milimani. Mwaka 1981 alipigwa risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro, akanusurika. Mwaka 1992 aliondolewa uvimbe katika utumbo mpana, na miezi saba baadaye akawa tayari amefika Kasese.

Dunia ilimtambua pia kwa desturi moja. Kila alipoingia katika nchi kwa mara ya kwanza, alishuka kutoka kwenye ndege, akapiga magoti na kuibusu ardhi.

Usiku wa kuanguka

Usiku wa tarehe 28 Aprili 1994, akiwa katika makazi yake Vatican, aliteleza bafuni na kuvunjika mfupa wa paja la kulia. Kesho yake madaktari wa hospitali ya Gemelli mjini Roma walimfanyia upasuaji na kumwekea nyonga bandia. Alikaa hospitalini karibu wiki nne, na huko ndiko alikotimiza umri wa miaka 74.

Ajali hiyo ilitokea wakati mgumu. Nchini Rwanda mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea. Mjini Roma maaskofu wa Afrika walikuwa katika sinodi yao maalumu, ambayo yeye mwenyewe aliifungua tarehe 10 Aprili. Ilipofungwa tarehe 8 Mei, hakuwepo, alikuwa kitandani. Ziara ya Ubelgiji iliyopangwa mwezi huo iliahirishwa hadi mwaka 1995, na baadaye ile ya Marekani nayo ikasogezwa mbele. Kwa mtu aliyezoea kuishinda milima, huenda kungoja ndiko kulikokuwa kugumu zaidi.

Kwa nini mgonjwa huambiwa asubiri

Nyonga ni kiungo cha tufe na kikombe: kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya tundu la mfupa wa kiuno. Misuli na kano ndizo zinazokishikilia mahali pake. Daktari anapoweka kiungo bandia hulazimika kuzipitia au kuzikata, na huchukua wiki kadhaa kabla hazijashikamana tena. Katika kipindi hicho, kichwa bandia kinaweza kuchomoka kwenye kikombe chake kwa mwendo mmoja tu usiofaa.

Ndiyo maana wagonjwa wengi waliopasuliwa kwa kupitia nyuma ya nyonga huagizwa mambo matatu kwa muda wa wiki 6 hadi 12. Kwanza, wasikunje nyonga kupita pembe mraba, yaani goti lisiinuke juu ya kiuno wakati wa kuketi, na mwili usiiname kuokota kitu sakafuni. Pili, wasikunje nne wala kuvusha mguu mmoja juu ya mwingine. Tatu, wasigeuze mguu uliopasuliwa kuelekea ndani, hasa wanapogeuka huku wamesimama. Waliopasuliwa kwa kupitia mbele hupewa masharti tofauti, na madaktari wengine siku hizi wamelegeza baadhi ya makatazo. Kwa hiyo kila mgonjwa hana budi kufuata maagizo ya aliyempasua, si ya jirani aliyewahi kupasuliwa.

Kulala kitandani muda wote nako si usalama. Damu inaweza kuganda katika mishipa ya mguu, na misuli hudhoofika. Mgonjwa hutakiwa kusimama na kutembea mapema kwa magongo, hatua fupi fupi. Akipanda ngazi hutanguliza mguu mzima. Akishuka, hutanguliza ule uliopasuliwa. Anapofikia kutumia mkongojo mmoja, huushika kwa mkono ulio upande wa mguu mzima.

Udongo wainuliwa

Yohane Paulo wa Pili aliondoka hospitalini mwishoni mwa Mei 1994. Mwezi Septemba alisafiri hadi Zagreb nchini Kroatia akiegemea mkongojo, na maumivu yakionekana dhahiri katika mwendo wake. Januari 1995 alikuwa Manila, Ufilipino, mbele ya mamilioni ya watu, ambako aliuzungusha mkongojo huo kwa mzaha na kuwachekesha vijana.

Jambo moja, hata hivyo, lilibadilika. Hakuweza tena kujiinamisha hadi ardhini. Katika nchi alizozifikia kwa mara ya kwanza katika miaka iliyofuata, watoto au vijana walimletea udongo katika chombo, wakauinua hadi usoni pake, naye akaubusu akiwa amesimama au ameketi. Desturi ilibaki ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa aliwahitaji wengine ili kuitimiza.

Septemba 1995 alirejea Afrika. Mjini Yaoundé, Kameruni, alitia saini waraka uliotokana na sinodi ile ambayo hakuweza kuifunga, kisha akapitia Afrika Kusini na kufika Nairobi. Wakenya waliokuwa wamemwona mwaka 1980 akitembea kwa nguvu walimwona sasa akichechemea. Nyonga haikurudia wepesi wake wa zamani, na ugonjwa wa Parkinson ulizidi kumlemea. Katika miaka yake ya mwisho alisukumwa juu ya jukwaa lenye magurudumu. Alifariki dunia tarehe 2 Aprili 2005, akiwa na umri wa miaka 84.

Somo kwa wakazi wa miteremko

Kwa mzee wa bonde la Mubuku au wa miteremko ya Bwera, masharti ya nyonga bandia hugusa kila saa ya siku. Kigoda cha jikoni ni kifupi mno. Mkeka uko sakafuni. Choo cha shimo humtaka mtu achuchumae. Jembe humtaka ainame, na bodaboda humtaka atanue miguu na kustahimili mashimo ya barabara. Si ajabu basi kwamba wengi hurejea kwenye mazoea yao maumivu yanapopungua, ingawa kano bado hazijapona.

Dawa yake ni kuinua vitu badala ya kumwinamisha mtu. Kiti kirefu chenye mikono, kitanda kilichoinuliwa, kiti cha mbao chenye tundu juu ya shimo la choo, na mto mmoja katikati ya magoti wakati wa kulala: hivi fundi wa kijijini na familia wanaweza kuvitayarisha kabla mgonjwa hajatoka hospitalini. Maumivu yakija ghafla, mguu ukaonekana mfupi au umepinda, au mgonjwa akashindwa kuukanyagia, asivutwe wala kukandwa nyumbani; apelekwe hospitalini mara moja.

Mara nyingi kikwazo kikubwa si ukosefu wa kiti bali ni haya: mzazi aliyelea watoto hapendi kuvalishwa viatu na mjukuu wake. Mgeni yule aliyesimama Nyakasanga mwaka 1993 alipatwa na jambo hilohilo mbele ya macho ya dunia. Aliacha udongo uinuliwe, akaendelea na safari zake kwa miaka mingine kumi.