Hayati Karume: Baharia Aliyegawa Ardhi kwa Wanyonge

Na Mwandishi Wetu, Igoma, Mwanza

Kila ifikapo Aprili 7, ofisi za umma hapa Igoma hufungwa, kama ilivyo nchini kote, kwa ajili ya kumkumbuka Hayati Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Hayati Karume alizaliwa mwaka 1905. Hakupata elimu kubwa ya darasani. Ujana wake aliutumia akiwa baharia, na aliporejea Unguja aliongoza umoja wa mashua zilizovusha abiria kati ya meli na nchi kavu. Kazi hiyo, isiyo ngeni kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria, ilimweka karibu na wanyonge wa bandarini.

Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana na kuunda Afro-Shirazi Party (ASP), naye akawa Rais wake. Katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Uhuru wa Desemba 10, 1963 ukaenda kwa wapinzani wake, chini ya Sultani. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, yakafanyika Mapinduzi, yaliyogharimu maisha ya watu wengi.

Machi mwaka huo Serikali yake ilitaifisha ardhi, na baadaye wakulima wakagawiwa eka tatu kila mmoja. Aprili 22 alitia saini Hati za Muungano pamoja na Mwalimu Julius Nyerere. Septemba elimu ikatangazwa kuwa bure kwa wote. Maghorofa ya Michenzani, yanayokaliwa hadi leo, ni matunda ya uongozi wake.

Aprili 7, 1972 aliuawa kwa kupigwa risasi katika makao makuu ya ASP, Kisiwandui, alikozikwa. Katika uhai wake Zanzibar iliongozwa kwa amri za Baraza la Mapinduzi, bila uchaguzi wa wawakilishi. Katiba ya 1979, chini ya mrithi wake, Mzee Aboud Jumbe, ndiyo iliyoanzisha Baraza la Wawakilishi, na mwaka 1980 Wazanzibari wakapiga kura.

Hayati Karume aliwarejeshea wanyonge ardhi. Sauti katika sanduku la kura ilisubiri waliomfuata.