Ofisa wa Fedha Aliyeihoji Bahari

Mtaalamu wa leo akipewa unga mweusi wa kaboni, akatakiwa aseme mna nini ndani yake, iwapo ni masizi, grafiti, au zile neli ndogo mno zisizoonekana kwa macho, haanzi kwa kuuchoma. Huumulika kwa mwali wa leza, kisha akapima mwanga unaorudi. Njia hiyo ina jina la Chandrasekhara Venkata Raman, ambaye maisha yake yafaa yajulikane hasa na watumishi wa serikali, kwani alikuwa mwenzao.

Alizaliwa tarehe 7 Novemba, 1888, huko Tiruchirappalli, kusini mwa India. Mwaka 1907 aliingia Idara ya Fedha, akapelekwa Calcutta kuwa Msaidizi wa Mhasibu Mkuu. Kwa kijana wa nchi iliyotawaliwa, hicho kilikuwa cheo cha kutosha kumtuliza mtu maisha yake yote. Lakini mjini humo kulikuwa na chama cha kuendeleza sayansi chenye maabara isiyotumika sana. Raman aliomba ruhusa, akawa anakwenda humo alfajiri kabla ya kazi na jioni baada ya ofisi kufungwa. Alihamishiwa Rangoon, kisha Nagpur, uchunguzi hakuuacha. Mwaka 1917 Chuo Kikuu cha Calcutta kilimpa uprofesa wenye mshahara mdogo kuliko aliokuwa akipokea, naye akaukubali.

Mwaka 1921, akirejea kwa meli kutoka Uingereza, aliitazama bahari ya Mediterania. Bwana Rayleigh, mwanasayansi mashuhuri wa Kiingereza, alikuwa amefundisha kwamba buluu ya bahari ni kivuli cha mbingu tu. (Hata visiwani wako wanaosadiki hivyo.) Raman alitazama kupitia kipande cha kioo maalumu kinachozuia mng'ao wa juu ya maji. Buluu ilibaki pale pale: maji yenyewe yalikuwa yakiutawanya mwanga.

Kutoka hapo alichunguza vimiminika vingi, akisaidiwa na K. S. Krishnan, ambaye kwa maoni yetu hutajwa kidogo mno. Tarehe 28 Februari, 1928, ilithibitika kwamba sehemu ndogo sana ya mwanga hurudi ikiwa imebadilika rangi, kwa kuwa molekuli zinazotetemeka huupunguzia au kuuongezea nguvu. Kila kitu hubadilisha kwa kiasi chake. Mwaka 1930 Raman alipata Tuzo ya Nobel.

Kwa kipimo cha wataalamu, ambacho ni idadi ya mawimbi katika sentimita moja, almasi huonyesha mstari mwembamba kwenye 1332, na grafiti kwenye 1580 hivi. Grafiti yenye kasoro huongeza mstari mpana karibu na 1350. Neli zenye ukuta mmoja zina mstari wa chini zaidi unaofichua unene wao. Mambo hayo yakichanganyika, kazi huwa ngumu: 1332 na 1350 ni majirani, na mpimaji mwenye haraka aweza kukosa kuiona almasi iliyofunikwa na kasoro za grafiti.

Almasi Raman aliipenda mno. Aliikusanya na kuichunguza kwa miaka mingi huko Bangalore, alikofungua taasisi yake mwaka 1948. Alifariki tarehe 21 Novemba, 1970, miaka 21 kabla ya neli za kaboni kuvuma duniani.