Bwana Tiemann na harufu ya violeti

Sabuni yenye kunukia maua mara nyingi haina hata ua moja ndani. Ndiyo maana tunaandika juu ya Ferdinand Tiemann, Mjerumani wa shimi, aliyezaliwa mwaka 1848 na kufundisha kule Berlin. Mwaka 1874, yeye na Wilhelm Haarmann walitengeneza vanilini kutoka utomvu wa misonobari.

Lakini violeti ilimpa taabu zaidi. Ua lenyewe ni dogo, mafuta yake haba, bei kali: manukato ya matajiri tu. Yeye na Paul Krüger wakachunguza kwanza mizizi ya irisi, sababu nayo inanukia karibu vile vile. Kisha wakashika sitrali, ile iko ndani ya majani ya sitroneli tunayotia katika chai (hata sisi tulishangaa!), wakaichanganya na asetoni. Kikatoka kitu kisichonukia violeti hata kidogo. Sisi tungemwaga, kweli. Wao wakakitia asidi, na violeti ikanukia. Ilikuwa 1893, wakakiita iononi.

Tiemann alikufa mwaka 1899, na miaka 51 tu. Iononi ingali inatiwa katika manukato na sabuni.