Siti binti Saad: Sauti Iliyotoka Kasrini Ikaingia Barazani

Historia ya taarabu ya Kiswahili haiwezi kusimuliwa bila kumtaja Siti binti Saad. Jina lake lingali hai vinywani mwa waimbaji na katika kumbi za mihadhara ya fasihi, ijapokuwa mwenyewe aliiaga dunia tarehe 8 Julai 1950. Wengi humkumbuka kama mmoja wa waimbaji wa mwanzo wa Afrika Mashariki kurekodiwa katika santuri. Sifa hiyo ni kubwa, lakini si kubwa kuliko zote. Ukubwa wake hasa umo katika alichokifanyia Kiswahili: aliupokea muziki uliozoea kuimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa, akautia lugha na habari za watu wa kawaida.

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani katika kisiwa cha Unguja, mnamo 1880. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara na waliishi chini ya kongwa la utumwa, na mtoto wao wakampa jina la Mtumwa. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria huko Unguja mwaka wa 1897, lakini sheria haikuondoa dharau. Binti huyo hakupata elimu. Alijifunza kazi ya ufinyanzi, akawa anajitwika vyungu na kutembea kwa miguu hadi mjini kuviuza. Njiani alinadi bidhaa yake kwa kuimba, na sauti yake ikamtangulia. Inasemekana wanunuzi walimjua kwa sauti kabla ya kumwona kwa macho.

Aliolewa, akajaliwa mtoto, kisha ndoa ikavunjika. Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na mwanamuziki aliyevutiwa na sauti yake, akamfunza kuimba kwa Kiarabu na kufuata mahadhi ya udi na fidla. Baadaye aliungana na wanamuziki kama Subeti Ambar, Mbaruk Talsam, Buda Swedi na Mwalimu Shaaban, wakaunda kundi lililotamba. Ndipo jina la Mtumwa lilipofifia na jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, likashika mahali pake.

Ili kuipima hatua hiyo, yafaa kukumbuka taarabu ilikotoka. Muziki huo uliingia Unguja wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ambaye alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoasisiwa mwaka wa 1905, taarabu ilikuwa bado ni burudani ya wanaume, ya kiungwana, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Mwanamke mfinyanzi wa Fumba hakuwa na nafasi humo. Siti aliipata nafasi hiyo kwa kukimudu kwanza Kiarabu cha wakubwa, kiasi cha kualikwa majumbani mwao. Baada ya kuingia, hakuufunga mlango nyuma yake. Aliyoimba kasrini usiku mmoja, usiku mwingine aliyaacha, akawaimbia jirani zake wa Ng'ambo kwa Kiswahili.

Nyimbo hizo za Kiswahili ndizo zilizomtofautisha. Nyingi zilikuwa za mapenzi, lakini nyingine zilikuwa gazeti la wasiojua kusoma. Wimbo wa Kijiti, mathalani, unasimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyetoka bara. Muuaji alitoroka, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Msikilizaji hahitaji kuambiwa kwamba mahakama ya kikoloni imetenda dhuluma. Mpango wa kisa wenyewe unamfikisha huko. Fauka ya hayo, wimbo wa Wala Hapana Hasara unamkejeli mkubwa aliyewaibia wanyonge kisha akaangukia mikononi mwa sheria. Hapa kinyume cha kisa cha kwanza ndicho kinachofurahisha: aliyezoea kutisha ametishwa.

Hasidi hana sababu. Washindani walimkebehi kwa nasaba yake na kwa sura yake, wakahoji tangu lini amekuwa mtu wa kutajwa. Siti aliwajibu kwa wimbo, akitetea kwamba uzuri wa sura si kitu mbele ya akili na tabia njema. Jibu hilo halikuwa la ugomvi wa waimbaji tu. Katika jamii iliyompima mtu kwa ukoo, mwana wa watumwa alikuwa anaweka kipimo kingine hadharani, na hadhira ikamshangilia.

Mwaka wa 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Kufikia 1931, takribani santuri 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Gramafoni ikawa barazani na migahawani, na aliyeishi mbali na Unguja akaweza kuisikia lahaja ya Unguja ikiimbwa. Wafanyabiashara walipata ithibati kwamba Kiswahili kina soko, na washairi wakapata ithibati kwamba kinaweza kubeba mahadhi yoyote.

Kabla ya kifo chake, Siti alimsimulia Shaaban Robert maisha yake, na kutokana na masimulizi hayo kikazaliwa kitabu cha Wasifu wa Siti Binti Saad, mojawapo ya nguzo za wasifu katika fasihi ya Kiswahili. Nyimbo zake nazo hazikuzikwa naye. Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, alizichukua nyimbo kama Kijiti na Muhogo wa Jang'ombe, akazipeleka katika majukwaa ya Ulaya kwa kizazi ambacho hakikuwahi kuiona gramafoni. Aidha, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilipoanzisha jarida lake mwaka wa 1988, kililiita Sauti ya Siti.

Hivyo ndivyo msichana aliyepewa jina la Mtumwa alivyoacha jina linalotumiwa na wanaodai haki. Vyungu alivyovifinyanga Fumba vilikwisha kuvunjika zamani; nyimbo zake zingali zinaimbwa.